Kisigino cha Kulia cha Jovita

Septemba 9, 2024. Nyanga, Bukoba.

Nimenunua daftari jipya, la Jovita. Kila niliyemfundisha gofu nilimwekea daftari lake, tangu ile miaka tisa niliyofundisha Dar, na yeye tayari ana manne, la kwanza tangu kabla hatujaoana. Hili ni la tano. Barua ya chama cha gofu imefika: majaribio ya timu ya taifa ya wanawake ni tarehe 6 hadi 8 Desemba, Dar es Salaam, na jina lake limo. Tuna miezi mitatu.

Leo alipiga mipira arobaini, ya kwanza tangu Mei. Tulikuwa kwenye rweya, ile nyika ya nyasi nyuma ya Nyanga, ambapo nimefyeka kipande cha kutosha kusimama na kupigia. Mvua haijaanza, ardhi ngumu. Mikono yake haijasahau kitu, na kichwa kimetulia. Tatizo ni moja tu: uzito hauhami. Anapoinua fimbo uzito unakwenda mguu wa kulia, sawa, ndivyo inavyotakiwa. Anaposhusha ungepaswa kurudi kushoto kabla mikono haijafika kwenye mpira, nyonga ifunguke, amalize amesimama juu ya mguu wa kushoto na kisigino cha kulia kimeinuka. Chake hakiinuki. Kinabaki chini kama kimepigiliwa msumari. Mpira unatambaa kwenye nyasi, au unakwenda kulia bila nguvu.

Nimemwambia ni jambo la wiki mbili.

Septemba 10.

Niandike mara moja ili nisilazimike kuandika tena. Tarehe 27 Juni tulipoteza mtoto. Msichana, mimba ya miezi minane. Alizaliwa hana pumzi. Jovita alifanyiwa upasuaji, akalazwa siku sita. Nilimweleza yote yaliyopaswa kuelezwa. Daktari amesema mwili umepona na mazoezi ni ruhusa. Daftari hili ni la gofu.

Septemba 14.

Zoezi la miguu pamoja. Anasimama visigino vikigusana, anapiga nusu ya nguvu na fimbo namba saba. Mtu akikosea mizani hapo anaanguka, kwa hiyo mwili unajifunza wenyewe. Mipira hamsini, mizuri ishirini na tisa. Nilimwambia aachanishe miguu, arudi kawaida. Kisigino kikabaki chini tena.

Septemba 15.

Jumapili. Misa. Alikaa nje pamoja na akina mama waliobeba watoto, ingawa ndani kulikuwa na nafasi.

Septemba 21.

Zoezi la hatua. Unaanza miguu imebanana, unainua fimbo, na kabla hujaishusha unapiga hatua ya mguu wa kushoto kuelekea unakolenga, kama mtu anayerusha jiwe mbali. Haiwezekani kufanya hivyo na uzito ukabaki nyuma. Jovita ameweza. Amepiga hatua, halafu akarudi nyuma juu ya mguu wa kulia wakati fimbo inashuka. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo.

"Tena," nikamwambia.

"Nimechoka, Mwalimu."

Uwanjani huniita Mwalimu. Nyumbani ni Natha. Tumepiga kumi zaidi. Saba kulia.

Septemba 30.

Mvua ya kwanza. Hatukwenda.

Oktoba 1.

Mvua.

Oktoba 5.

Zoezi la kumalizia. Ukishapiga unainua mguu wa kulia kabisa na kusimama kwa mguu wa kushoto mpaka nihesabu tatu. Mara ya kwanza alianguka kwa nyuma akakaa chini kwenye majani yenye maji, akacheka. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko chake tangu Juni. Nami nikacheka. Mara ya sita hakucheka tena. Mara ya kumi na mbili alibaki ameketi pale chini, akaangalia upande wa ziwa kwa muda mrefu, nikamwambia jezi inalowa.

Wiki mbili nilizoahidi zimepita na nyingine mbili juu yake. Nadhani hana imani na mguu wa kushoto. Lazima nimpe namba. Mtu akiona namba huamini.

Oktoba 12.

Nimeazima mizani mbili za kusimamia kwa Verdiana, muuguzi wa zahanati ya jirani. Ni zile ndogo bapa, kila mguu na mizani yake. Nilizipanga kwenye ubao ili zisizame kwenye udongo, nikampigia simu aje akitoka shuleni anakofundisha. Alikuja na viatu vya uwanjani mkononi. Alipofika karibu akasimama.

"Hiyo ya bluu umeitoa wapi?"

"Kwa Verdiana. Panda, mguu wa kulia hapa, wa kushoto pale. Nataka kusoma ukiwa umeshusha."

Akapanda. Alishusha fimbo polepole kama nilivyomwelekeza, akasimama pale ambapo mpira ungekuwa. Nikapiga magoti nikasoma: kulia arobaini na nne, kushoto kumi na tisa. Nikamwambia, unaona, theluthi mbili na zaidi ziko nyuma, mtu wa kawaida hapo ana kinyume chake.

Nilipoinua macho alikuwa anatazama mizani ya bluu, machozi yanadondoka moja kwa moja kwenye kioo chake.

"Hii ndiyo ya kliniki," akasema. "Kila mwezi nilipanda hii. Verdiana alikuwa anasoma kwa sauti, halafu anasema, mtoto anakula vizuri."

Nilisema samahani, sikujua. Ni kweli sikujua, kliniki sikuwahi kwenda naye. Nikasema tunaweza kutumia ile nyingine kwa miguu yote kwa zamu. Nimeandika maneno haya kama nilivyoyasema kwa sababu sasa ni jioni, nimekaa, na ninayasikia.

Alishuka, akavaa viatu vyake, akaenda nyumbani kwa miguu peke yake.

Oktoba 14.

Nimerudisha mizani. Verdiana aliniuliza hali ya mke wangu. Nikasema anaendelea vizuri, tatizo ni uzito tu kutohama. Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

Oktoba 17.

Mipira thelathini. Ishirini na miwili kulia.

Oktoba 18.

Thelathini. Ishirini na minne.

Oktoba 19.

Mvua ya mawe. Migomba miwili imeanguka nyuma ya nyumba. Jovita alitoka kuikata peke yake kabla sijavaa buti.

Oktoba 24.

Leo nimefanya jambo nisilopenda kuliandika.

Niliwahi kumwona mwalimu mmoja Dar akimsaidia mwanafunzi kwa kitambaa. Unakizungusha kwenye nyonga, mwalimu anasimama upande wa kushoto, na fimbo inapoanza kushuka anavuta kidogo ili nyonga ijue njia. Nikachukua kitenge cha zamani cha Jovita. Nilimfunga, nikamwambia apige kwa ulaini. Mara mbili nilivuta kidogo. Hakusogea. Mara ya tatu nikavuta kwa nguvu.

Akaachia fimbo. Alishika chini ya tumbo kwa mikono miwili, akainama. Nilikuwa nimesahau mshono. Mimi, ambaye Julai nilikuwa nasafisha kidonda kile kila asubuhi, nilikuwa nimekisahau kabisa.

"Usinivute," akasema alipoweza kusema. "Natha, usinivute tena."

Hakuniita Mwalimu.

Oktoba 25 mpaka Novemba 1.

Hakuna mazoezi. Anakwenda shuleni, anarudi, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nami nipo kwenye duka langu. Tunauziana maneno machache ya chumvi, maji na umeme. Mvua kila alasiri.

Novemba 3.

Jumapili. Jovita alikwenda misa ya kwanza, mimi nilibaki nikisema kichwa kinauma. Nilitaka kutafuta video zake za zamani kwenye simu, niweke ya mwaka jana, alipokuwa anapiga vizuri, pembeni ya ile niliyomrekodi Oktoba, nipime mahali kosa linapoanzia.

Nikiwa natafuta ya mwaka jana nikaikuta ya Mei 18 mwaka huu.

Yuko kwenye rweya na fulana yangu kwa sababu zake hazimtoshi tena. Tumbo la miezi saba. Niliweka video ya Oktoba pembeni, nikasimamisha zote mbili fimbo ikiwa imefika kwenye mpira. Miguu ni ile ile. Goti la kulia limekunjwa kiasi kile kile. Kisigino kiko chini. Mgongo umeegemea nyuma na kiuno kimejipinda kidogo kuzunguka kitu kilichopo mbele yake. Ila kwenye ya Oktoba mbele yake hakuna kitu.

Nikaiwasha ya Mei na sauti. Sauti ni yangu. "Kaa nyuma, Jovi. Usihamie kushoto. Baki kwenye kisigino cha kulia, mpe mtoto nafasi apite." Nami nakumbuka sasa. Nilimfundisha Aprili nzima na Mei yote. Daktari alikuwa amemruhusu kupiga taratibu, na mimi nikafikiri namna ya kumfanya apige bila kujikunja tumboni. Nilijivunia sana zoezi lile. Lipo kwenye daftari la nne, ukurasa una nyota mbili.

Miezi miwili nimekuwa nikimfokea mwanamke kwa sababu anafanya nilichomfundisha. Mwili wake unapiga kana kwamba bado amembeba.

Nilikaa sakafuni. Aliporudi kutoka kanisani nilikuwa bado pale, nikasema natafuta chaja.

Novemba 4.

Alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikamwekea simu mbele yake, nikamwomba atazame. Nilikuwa nimezima sauti.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Akasikia sauti yangu, kisha yake, akicheka: "Amegeuka, Mwalimu. Na yeye anataka fimbo." Akafuta mikono kwenye kanga, akairudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Mimi ndiye niliyekufundisha hivi," nikasema. "Nimeona jana. Kosa si lako."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza uliponipeleka pale. Niliinua fimbo nikahisi amehama upande, kama alivyokuwa anahama. Nikajua mwili haujaambiwa. Nikasubiri uone."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema nimechoka. Nilisema mara ngapi? Ukawa unaandika mipira mingapi imekwenda kulia."

Akachukua ndizi nyingine. Alimenya nusu, akasimama.

"Ulimzika wapi?"

"Kishanda, nyumbani. Nilikwambia."

"Kishanda ni kubwa. Kibanja cha mama yako kina migomba mia tatu. Ni upande gani? Uliniambia nikiwa kitandani kwamba ulimzika kwa mikono yako. Mara tano nimekuomba unipeleke, ukasema kwanza nipone, halafu kwanza mvua, halafu kwanza majaribio. Nieleze tu. Karibu na nini?"

Nilifungua mdomo ili niseme karibu na mti wa kahawa. Ningeweza. Miti hiyo iko kila mahali katika kibanja kile.

Badala yake nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba asubuhi ile nilimpokea mtoto mlangoni pa wodi amefungwa kwenye kitambaa cheupe, na mama yangu alikuwa kwenye gari na baba mdogo Rweyemamu. Nilimweka mapajani mwa mama. Nikasema nafuata nyuma na pikipiki. Gari likaondoka kwenda Kishanda, kule Muleba, na mimi nikapanda pikipiki nikarudi Nyanga. Nilichukua fyekeo nikaenda kwenye rweya nikafyeka nyasi mpaka jua likazama. Jioni nikaja hospitali nikamwambia nimemzika.

"Kile kipande," akasema Jovita. "Kile unachonisimamisha."

"Ndiyo."

Nilitegemea apige kelele, au anipige. Alikaa akamenya ndizi zote zilizobaki, akaziosha, akazipika. Hakula. Akahamishia nguo zake chumba cha pili.

Novemba 5.

Mvua.

Novemba 6.

Ameniuliza kupitia mlango kama kweli sijui mahali. Nikasema sijui. Akauliza kama nilimwona uso. Nikasema hapana, sikufunua.

Novemba 9. Kishanda.

Tulifika saa nne asubuhi. Njia nzima kutoka Bukoba mpaka Muleba Jovita alipakata mfuko wake wa fimbo. Mama yangu, Kokuberwa, alikuwa anaanua kahawa kwa sababu wingu lilikuwa limeshasimama. Alitusalimu, akatutolea kahawa ya kutafuna kwenye kisonzo, kikapu kidogo, kama wageni. Jovita alipiga magoti kupokea, akabaki amepiga magoti.

"Mama, nimekuja unionyeshe."

Mama akanitazama mimi. Miaka yote nimemjua mama yangu kuwa mwanamke wa kazi, asiye na maneno, anayelima, anayeuza, anayekemea. Nilifikiri angeniuliza kwa nini nimemleta. Baba mdogo Rweyemamu alisema siku ile kwamba mama wa mtoto asionyeshwe, atashindwa kuzaa mwingine, na mimi niliyakubali maneno hayo haraka sana kwa sababu yalinifaa.

"Rweyemamu alisema nisikuonyeshe," mama akasema. "Hata mimi waliniambia hivyo nilipokuwa msichana. Nilitafuta mwenyewe kwa miaka sita. Njoo, mwanangu."

Akamshika mkono. Mimi nikabaki pale uani. Walipofika kwenye migomba mama akageuka.

"Na wewe njoo. Wewe pia hupajui."

Ni chini kabisa, kibanja kinapoanza kuteremka. Hakuna alama yoyote. Mvua imelaza udongo na majani makavu yamefunika. Mama alichutama akaondoa majani kwa mkono, polepole, akaacha pa wazi kama urefu wa mkono.

"Huyu ni wenu. Na pale, na pale karibu na shina lile, ni wa kwangu. Wawili, kabla ya Nathanael. Nikaona asilale peke yake."

Nina miaka thelathini na tisa. Nimepita hapo nikikata majani ya mbuzi tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa najiita kifungua mimba.

Jovita alikaa kwenye udongo uliolowa. Kisha akauliza, "Alikuwaje?"

Nilitaka kuondoka.

"Mrefu," mama akasema. "Nywele nyingi, zimeshuka mpaka hapa kwenye shingo. Vidole virefu kama vyako. Hapa chini ya sikio alikuwa na alama nyeusi kama punje ya ulezi. Nilichemsha maji nikamwosha. Rweyemamu akasema hakuna haja, nikamwambia subiri nje. Maji yalikuwa vuguvugu. Sikutaka aende na baridi."

Hapo ndipo Jovita alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sikuisikia hospitali, wala siku nyingine yoyote, na mama akamvuta kichwa kifuani akawa anamwambia bojo, bojo, kama anavyobembelezwa mtoto. Nilisimama hatua tatu kutoka kwao. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono. Mvua ikaanza na hakuna aliyeondoka.

Jioni Jovita alisema anabaki kwa mama. Atamwomba mkuu wa shule ruhusa. Akaniambia niache mfuko wa fimbo.

Novemba 10. Nyanga.

Nyumba tupu. Nimeandika tarehe, sina la kuandika.

Novemba 17.

Nilikwenda Kishanda asubuhi. Senene, wale panzi wa kuliwa, wameshuka. Rweya yote ya juu ya kijiji ilikuwa na wanawake wameinama kwenye nyasi zenye umande, wanaokota na kutia kwenye vibuyu na chupa za maji. Nilimwona Jovita mbali upande wa pili, peke yake, anapiga mipira kuelekea bondeni kusiko na mtu. Mama alikuwa ameketi karibu naye juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachambua senene mapajani.

Nikasimama kwenye njia. Alipiga sita nikiwa natazama. Minne ilikwenda kulia. Wa tano ulinyooka. Wa sita ulinyooka na ukaenda mbali sana, na nikaona soli ya kiatu chake cha kulia imegeuka nyuma, kidole tu ardhini.

Nikaanza kwenda. Mama alikuwa ameniona, akaja kunipokea njiani na kibuyu chake.

"Usiende."

"Nataka kumwambia kitu kimoja tu, cha bega."

"Anapiga vizuri ukiwa mbali, Nathanael."

Alisema bila ubaya, kama anavyosema mvua inakuja. Akanipa senene wa kwenda nao. Nikarudi Bukoba.

Novemba 20.

Nimewakaanga wale senene. Sikuweza kuwamaliza.

Novemba 30.

Alikuja kuchukua nguo za safari. Amepungua uso lakini anatembea wima. Nilikuwa nimeosha fimbo za akiba, nimepanga glavu mbili na koti la mvua mezani. Alichukua glavu.

"Nimekata tiketi zetu mbili," nikasema.

"Nakwenda peke yangu. Haruni atanibebea mfuko."

Haruni ni kedi wa zamani, rafiki yetu tangu tukiwa Dar. Anajua viwanja vyote kule.

"Haruni hajui swingi yako."

"Hajui, kweli. Ndiyo sababu."

Nilimbebea begi mpaka kituoni. Kabla hajapanda nikamwambia nasikitika. Ni neno dogo na nilichelewa nalo miezi mitano. Akaniwekea mkono begani muda mfupi, kama anavyomfanyia mwanafunzi aliyefeli.

Desemba 6.

Ujumbe wa Haruni: mapigo themanini na nne, mengi mno. Upepo mkali. Mitano imekwenda kulia.

Desemba 7.

Sabini na nane.

Desemba 8.

Sabini na tano. Hakuna mwanamke aliyepiga vizuri zaidi leo, anasema Haruni, na shimo la mwisho wazee waliokuwa kwenye veranda walisimama kumtazama. Lakini siku ya kwanza imemgharimu. Amekosa timu kwa mapigo mawili. Ni mchezaji wa akiba.

Nilifunga duka nikarudi nyumbani. Mpaka ninaandika nimeshampigia mara tatu, nikakata kabla haijaita.

Desemba 10.

Alipiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa tulivu. Akaniambia juu ya upepo, juu ya shimo la saba, akanisimulia pigo moja la siku ya tatu ambalo anasema hakulihisi mikononi kabisa. Nilisikiliza kama zamani. Kisha akasema ameombwa kufundisha wasichana gofu Dar kuanzia Januari, amekubali, na ataomba uhamisho wa shule huko huko.

"Unaniacha, Jovi?"

"Sijui jinsi ya kuiita. Najua siwezi kurudi ile nyumba."

"Kwa sababu niliogopa."

"Kuogopa nimekusamehe. Hata mimi niliogopa, ningekuwa na miguu ningekimbia. Lakini uliniangalia usoni nikiwa na dripu mkononi ukaniambia ulimzika. Nililala miezi minne nikiona mikono yako inamfukia. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho kuhusu yeye, Natha, na hakikuwepo."

Nikamuuliza kama anakula. Akasema anakula.

Desemba 13.

Mvua. Wateja wawili.

Desemba 16.

Mvua.

Desemba 19. Kishanda.

Mama ameniita. Anataka misa ya mtoto tarehe 28, sikukuu ya Watoto Mashahidi. Amekwishazungumza na padre. Baba mdogo Rweyemamu alianza kusema jambo, mama akamwambia anyamaze, akanyamaza. Nilitumwa kwa katekista kuandikisha nia ya misa. Alifungua kitabu chake, akaandika tarehe, akaandika Kishanda, akaandika kwa ajili ya mtoto wa Nathanael na Jovita. Akasubiri na kalamu.

"Jina?"

Nikasema hakuwa na jina. Alizaliwa amekufa.

"Mama yake hakumwita kitu? Miezi minane?"

Nikasema sijui.

"Nitaacha nafasi," akasema. "Ulizia."

Desemba 20.

Nilimpigia saa sita mchana nikiwa nimesimama nje ya duka. Nikamweleza misa, kitabu, nafasi iliyoachwa.

"Hukuwahi kuniuliza," akasema.

"Sasa nakuuliza."

"Kokushubira. Nilimpa Machi, siku alipoanza kucheza. Nilikuwa namwita nikiwa naoga."

Nikamwomba alirudie. Akarudia. Nikaliandika kiganjani kwa kalamu ya dukani kwa sababu sikuwa na karatasi.

"Utakuja?"

"Siwezi. Mwambie padre alisome taratibu. Na wewe ubaki, Natha. Usiondoke kabla hajalisoma."

Desemba 28. Kishanda.

Mvua tangu alfajiri. Nilikaa benchi la pili pamoja na mama. Yalisomwa majina manane, la Kokushubira lilikuwa la sita. Padre alisita kidogo akalisoma taratibu kama alivyoombwa, na mama akasema amina peke yake, kabla ya wengine.

Baada ya misa niliteremka mpaka chini ya kibanja. Nikaondoa majani kwa mkono. Nilikaa hapo mpaka saa saba, nikamwambia mimi ni nani.